Nafuu ya kodi kwenye pensheni: inatuongezea akiba, au inawapa zaidi waliokuwa wanaweka tayari?

#1 Tausi Mweusi
Wakuu, salaam. Nina hoja, na naomba tuijadili kwa hesabu.

Kwenye slipu za mishahara za wengi wetu mchango wa pensheni unatolewa kwanza, halafu kodi ya mapato inapigwa kwenye kinachobaki. Tunaambiwa hiyo ni nafuu ya kutuhamasisha tujiwekee akiba ya uzeeni. Mimi nasema haimgusi yule anayehitaji kuhamasishwa.

Chukua watu watatu, kila mmoja anachangia 100. Wa kwanza, kipande cha juu cha mshahara wake kinatozwa asilimia 30. Akichangia 100, mkononi anapungukiwa 70 tu. Wa pili anatozwa asilimia 10, anapungukiwa 90. Wa tatu mshahara wake haujafikia kiwango cha kuanza kutozwa kodi, huyo anapungukiwa 100 kamili. Mchango ni ule ule, uzee ni ule ule, lakini mwenye kipato kikubwa ndiye ambaye hazina ya serikali inamchangia zaidi.

Na huyo wa tatu, ingawa kodi ya mapato haimfikii, makato ya hifadhi ya jamii katika nchi nyingi yanamfikia kuanzia senti ya kwanza. Kwa hiyo anakatwa kama wenzake, nafuu hapati.

Sasa swali: nafuu hii inazalisha akiba mpya, au ni pesa ya umma inayowafuata watu ambao wangeweka akiba hata bila hiyo?

#2 Kijana Mpya Kazini
Nimeweka kambi hapa. Waje wenye slipu ndefu.

#3 Mhasibu Mstaafu
Mleta uzi, hesabu yako imeishia nusu ya njia. Nafuu ya kodi kwenye pensheni, kwa kawaida, ni kuahirisha kodi. Kusamehewa ni jambo jingine.

Wataalamu wana namna tatu za kuangalia: pesa inapoingia, inapokua ndani ya mfuko, na inapotoka. Mfumo uliozoeleka zaidi duniani unasamehe mara mbili za kwanza na kutoza ya tatu. Mfumo wa pili unatoza pesa inapoingia na kusamehe zinazofuata. Watu wanagombana sana ni upi bora, lakini tazama: chukua 100, kodi asilimia 20 mwanzo na mwisho, na mfuko uzidishe pesa mara mbili. Ukiahirisha kodi, 100 inakuwa 200, unatozwa 40, unabaki na 160. Ukilipa kodi mwanzo, inaingia 80, inakuwa 160, huna deni tena. Ni 160 kwa 160.

Tofauti inakuja pale kiwango chako cha kodi ukiwa kazini kinapotofautiana na kiwango chako ukistaafu. Yule wako wa asilimia 30, akistaafu na kutozwa 10, amepata 20 za bure. Yule wa 10 atakayetozwa 10 hajapata kitu mwanzoni wala mwishoni. Faida yake pekee ni kwamba riba na gawio havikutozwa kodi mwaka hadi mwaka, na kwa miaka 30 hiyo si ndogo.

#4 Tausi Mweusi
Asante mzee. Lakini mfumo huo una maana pale tu kodi inaposubiri kweli mwishoni. Kenya tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria imebadilika: mchango unasamehewa, na mafao ya aliyefikisha umri wa kustaafu nayo yanasamehewa. Hapo kuahirisha kuko wapi? Hapo kodi imefutwa, na aliyekuwa kwenye asilimia 35 amefutiwa nyingi kuliko aliyekuwa kwenye asilimia 10.

#5 Bahari Kuu
Nyongeza kwa #4. Msamaha wa mchango una kikomo, na watu wengi wanakisoma vibaya. Kinachosamehewa ni kile kilicho kidogo kati ya vitatu: ulichochangia kweli, asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, au shilingi 30,000 kwa mwezi. Kabla ya mabadiliko hayo kikomo kilikuwa 20,000. Na mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, uko ndani ya kikomo hicho hicho, hauna chumba chake. Kadiri NSSF inavyopanda, nafasi ya kuweka ya hiari kwa nafuu inabanwa.

Wasiofuatilia: NSSF ya Kenya ilikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri, kwa miaka mingi. Sheria ya 2013 ilipoanza kutekelezwa Februari 2023, ikawa asilimia 6 kwa kila upande, na kikomo cha mshahara kinachohesabiwa kinapanda hatua kwa hatua. Kufikia Februari 2025 aliye juu alikuwa anakatwa 4,320. Kutoka 200 hadi 4,320 ni mruko, na wengi waliona mshahara wa mkononi ukipungua kabla hawajajua ni kwa nini.

#6 Dada Slipu
Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kuandaa mishahara. Naomba niwaonyeshe kitu ambacho mnakipita kila mwezi.

Slipu nyingi zina safu ya makato, na jicho linaruka hadi mstari wa chini kabisa. Rudini juu. Kuna mstari wa mshahara ghafi, na chini yake kuna mstari unaoitwa mapato yanayotozwa kodi au jina linalokaribiana. Toa wa pili kwenye wa kwanza. Tofauti ikilingana na mchango wako wa pensheni, umepata nafuu. Mistari hiyo miwili ikiwa na namba moja wakati una mchango, mtu kasahau kuweka alama kwenye mfumo na unatozwa kodi kwenye pesa ambayo hujaishika.

Niliwahi kuhamia ofisi moja nikakuta mchango wa hiari wa wafanyakazi wote umewekwa chini ya mstari wa kodi. Yaani wanatozwa kwanza, ndiyo unakatwa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu namba ya mchango ilikuwa sahihi na risiti ya mfuko ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mpangilio tu. Ilibidi turekebishe na kudai marejesho ya kodi, mtu mmoja mmoja.

Ndiyo maana hii hoja ya "nafuu inahamasisha" inanipa shida. Watu hawakuiona ilipokosekana. Ingewahamasishaje?

#7 Mpiga Mbizi
#6 umegonga penyewe. Uingereza wana jambo hilo hilo kwa sura nyingine, nalo lilidumu miaka. Mifuko yao ina njia mbili. Kwenye njia ya kwanza, mchango unakatwa kabla ya kodi, kwa hiyo asiyefikia kiwango cha kutozwa hapati chochote. Kwenye ya pili, mfanyakazi anatoa 80 kutoka mkononi na mfuko unaenda kudai 20 serikalini, hata kama mwenyewe halipi kodi. Watu wawili wa mshahara mmoja, mchango mmoja, mmoja anaongezewa 20 na mwingine sifuri, kisa mwajiri alichagua aina gani ya mfuko. Wengi wa walioumia ni wa kipato cha chini, na kati yao wanawake wa kazi za saa chache ni wengi. Serikali yao imekubali kuwarudishia tofauti, kuanzia michango ya mwaka wa kodi wa 2024/25.

Uamuzi wa karani mmoja wa ununuzi unaamua nafuu ya mtu kwa miaka 40. Jambo hili linaniuma.

#8 Nahodha wa Nchi Kavu
Ndugu zangu, mnajadili kodi ya mapato, mnasahau makato mengine ya mishahara. Nafuu ya pensheni mara nyingi haigusi hayo.

Mfano Marekani. Ukiweka akiba kwenye ule mpango wa kazini wa 401(k), pesa hiyo haitozwi kodi ya mapato mwaka huo. Lakini makato ya hifadhi ya jamii ya asilimia 6.2 na ya bima ya afya ya wazee ya asilimia 1.45 yanapigwa kwenye mshahara pamoja na hiyo uliyoweka. Mchango wa mwajiri kwenye mpango huo huo haupigwi makato hayo. Kwa hiyo dola inayopitia mkono wa mwajiri ina nafuu kubwa kuliko dola inayopitia mkono wako, ingawa zote ni jasho lako.

Uingereza waajiri wengi wakatumia mwanya: mfanyakazi anakubali kwa maandishi mshahara ushuke, na mwajiri anaingiza kiasi hicho kama mchango wake. Makato ya bima ya taifa, ambayo ndiyo hifadhi ya jamii yao, yanaepukwa pande zote mbili.

#9 Kijana Mpya Kazini
"Zote ni jasho lako", hapo #8 umeniacha. Mchango wa mwajiri si anatoa mwajiri? Mimi kwenye mkataba wangu nimeuhesabu kama bonasi.

#10 Nahodha wa Nchi Kavu
Mdogo wangu, mwajiri anapopanga kukuajiri haangalii mshahara wako, anaangalia gharama yako yote. Mchango ukipanda, nyongeza ya mshahara mwakani inapungua. Chile iliwahi kutoa ushahidi mzuri: mageuzi ya pensheni ya 1981 yaliwapunguzia waajiri mzigo wa makato ya mishahara kwa kiasi kikubwa. Mwanauchumi Jonathan Gruber alipochunguza viwanda vya huko, katika utafiti aliouchapisha 1997, alikuta mishahara ilipanda kufidia punguzo lote, na idadi ya ajira haikuonekana kubadilika. Kama punguzo liliishia kwa mfanyakazi, basi na mzigo ulikuwa wake.

Tazama Tanzania pia. Jumla ni asilimia 20 kwenye PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na asilimia 20 kwenye NSSF. Kwenye PSSSF mwajiri anatoa 15 na mtumishi 5. Kwenye NSSF mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi hadi 10 na kuongeza 10 zake. Slipu mbili tofauti kabisa kwa macho, lakini kinachofika kwenye mfuko ni kile kile.

#11 Mama Mizani
Nahodha, hiyo Chile usiifanye sheria ya dunia nzima. Mishahara inaweza kufidia pale ambapo ina nafasi ya kushuka au kupanda. Mfanyakazi aliye kwenye kima cha chini cha kisheria, mwajiri hawezi kumshushia. Atafanya nini? Atapunguza watu, au atawaweka kwenye mikataba ya vibarua ambako hakuna mchango kabisa. Nimefanya kazi na vyama vya wafanyakazi na hili ndilo tunalopambana nalo. Mtu anafanya kazi ile ile, siku zile zile, lakini kwenye karatasi ni "mtoa huduma". Hana makato, hana nafuu, hana pensheni.

Kwa huyo, mjadala wote wa asilimia 30 dhidi ya 10 uko mbali naye sana. Na ni wengi kuliko wenye slipu.

#12 Msomi wa Usiku
Nimesoma kuanzia juu. Swali la #1 lina jibu la kitafiti, na linatoka Denmark. Mwanauchumi Raj Chetty na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa kumbukumbu za akiba za Wadenmark, watu mamilioni. Mwaka 1999 nchi ilipunguza nafuu ya kodi kwa aina moja ya akiba ya pensheni, kwa waliokuwa kwenye kiwango cha juu cha kodi. Nini kilitokea? Wachache waliitikia, na hao wachache walihamishia pesa zao kwenye akaunti nyingine. Watafiti wakakadiria kwamba kila dola moja ya nafuu inaongeza akiba ya jumla kwa senti moja hivi. Takriban asilimia 15 ya watu ndio wanaofuatilia na kubadilisha mipango yao. Asilimia 85 wanakaa pale walipowekwa.

Upande wa pili: mwajiri alipoongeza mchango wa moja kwa moja, akiba ya jumla iliongezeka karibu yote, kwa sababu watu hawakupunguza akiba nyingine kufidia.

#13 Tausi Mweusi
Senti moja kwa kila dola! Wakuu, nifunge uzi?

#14 Bahari Kuu
Usifunge, tulia kwanza. Mabadiliko ya 1999 yaliwagusa watu wa kiwango cha juu cha kodi. Hao ndio hasa wenye akaunti nyingine za kuhamishia. Hatujui mtu wa kipato cha chini asiye na akiba yoyote angefanyaje akiongezewa. Pia Denmark wafanyakazi wengi tayari wana pensheni za makubaliano ya kazini, mchango mkubwa unakatwa watake wasitake. Unapopima nafuu ya ziada juu ya akiba ya lazima iliyokwisha kuwa nene, lazima uone matokeo madogo. Kwenye nchi ambayo mchango wa lazima ni mwembamba, nafuu inaweza kufanya kazi tofauti.

#15 Kijana Mpya Kazini
Mimi ni wa ile asilimia 85. Siku ya kwanza kazini nilipewa fomu, kiwango kimeandikwa tayari, nikasaini. Sijakigusa.

#16 Mpiga Mbizi
Na hapo ndipo Uingereza waliposhinda. Kuanzia Oktoba 2012, kwa awamu, kila mfanyakazi anayestahili anaingizwa kwenye mfuko moja kwa moja, asiyetaka ajitoe mwenyewe. Wengi hawakujitoa. Nafuu ya kodi ilikuwepo miaka yote kabla ya hapo na watu hawakuingia, hasa vijana na wa kipato cha chini. Kilichowaingiza ni fomu kugeuzwa. Sasa hivi mfanyakazi anakatwa asilimia 8.

#17 Dada Slipu
Mpiga Mbizi, 8 ni jumla. Tangu Aprili 2019 angalau 3 ni za mwajiri. Zile 5 za upande wa mfanyakazi zinajumuisha nafuu ya kodi, kwa hiyo kwa mlipakodi wa asilimia 20 kinachotoka mkononi ni 4 na 1 ni ya hazina. Tena si kwenye mshahara wote, ni kwenye kipande kati ya kiwango cha chini na cha juu.

Nakazia hapa kwa sababu mtu akisikia 8 anaogopa, akisikia 4 anakubali. Mpango ni ule ule.

#18 Mpiga Mbizi
Hoja yangu inabaki palepale: ni fomu, si kodi.

#19 Mhasibu Mstaafu
Sikubaliani kwamba ni fomu peke yake. Mwajiri asingekubali kuanzisha mpango, kuulipia uendeshaji na kuchangia, kama michango hiyo ingetozwa kodi kama mshahara. Nafuu inamvuta mwajiri kwanza. Mfanyakazi anakuta meza imeshaandaliwa, halafu mtafiti anakuja kumuuliza kama kodi ilimshawishi, anasema hapana. Ondoeni nafuu muone ni mipango mingapi ya kazini itabaki imesimama.

Kingine, Kijana aliuliza kimoyomoyo na hakuna aliyemjibu: makato ya lazima ni kodi au ni akiba? Jibu langu ni kwamba inategemea kamba kati ya ulichotoa na utakachopata. Mfanyakazi akiona kila senti iliyokatwa inaongeza pensheni yake, anaichukulia kama mshahara uliocheleweshwa. Akiona pensheni inapangwa kwa kikotoo kinachoweza kubadilishwa kesho, anaichukulia kama kodi, na ataikwepa kama anavyokwepa kodi.

#20 Mama Mizani
Mzee leo umefungua daftari lote! Naunga mkono aya ya pili. Ya kwanza bado.

#21 Msomi wa Usiku
Kwenye aya ya pili ya #19 kuna ubishi wa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1974 mwanauchumi Martin Feldstein alitoa hoja kwamba watu wakijua serikali itawalipa uzeeni wanapunguza akiba yao binafsi, kwa hiyo makato ya hifadhi ya jamii yanaweza kupunguza akiba ya taifa zima. Wengine wakampinga: pensheni inamfanya mtu atake kustaafu mapema, na anayetaka kustaafu mapema lazima aweke akiba zaidi. Makadirio ya ukubwa wa jambo hili yanatofautiana hadi leo, na hayafanani kati ya maskini na tajiri. Maskini hana akiba ya kupunguza. Akikatwa, kinachopungua ni matumizi, au deni linaongezeka.

#22 Mvuja Jasho
"Au deni linaongezeka." Asante Msomi, nilikuwa nasubiri mtu aseme.

Mimi nina mchango wa lazima, na juu yake niliongeza wa hiari kwa sababu mtu wa mfuko alikuja kazini akatuonyesha jedwali la nafuu ya kodi. Jedwali lilikuwa sahihi. Lakini mwezi ukifika katikati nakopa. Riba ya mkopo ninaochukua inazidi kwa mbali faida ambayo mfuko unatangaza kwa mwaka. Pesa yangu iko kwenye mfuko inakua polepole, siwezi kuigusa, na mimi huku nakopa kwa bei kubwa kuziba pengo ambalo mchango umelifungua. Nimekwenda kuomba kupunguza ule wa hiari nikaambiwa dirisha la mabadiliko hufunguliwa mara moja kwa mwaka.

Sisemi pensheni ni mbaya. Nasema jedwali lile halikuwa na safu ya madeni.

#23 Dada Slipu
Pole sana ndugu. Omba kanuni za mpango kwa maandishi. Mingi ina kipengele cha kusimamisha mchango wa hiari kwa sababu ya dhiki, na mara nyingi hakitajwi kwenye semina.

#24 Bahari Kuu
Turudi kwenye swali la nani ananufaika, maana Australia wana kituko. Wao wanatoza pesa inapoingia na inapokua, asilimia 15 kila mara, na kwa wengi waliotimiza 60 na kustaafu kutoa hakuna kodi. Mwajiri lazima achangie asilimia 12 tangu Julai 2025. Kumi na tano ni nafuu kubwa kwa anayetozwa 45 kwenye mshahara. Lakini mtu ambaye mshahara wake haujafikia kiwango cha kutozwa kodi alikuwa anatozwa 15 kwenye pensheni wakati mshahara wenyewe hautozwi! Akiba yake ikawa na kodi kubwa kuliko matumizi yake. Wakalazimika kuweka utaratibu wa kuwarudishia wa kipato cha chini, hadi dola 500 kwa mwaka, pesa inaingizwa kwenye akaunti yake ya pensheni.

Kwa hiyo hata mfumo usiotegemea kiwango cha mtu una mahali unapomkanyaga wa chini.

#25 Tausi Mweusi
Basi tuache asilimia, tutoe kiasi kimoja kwa kila mtu. Ujerumani walifanya hivyo na mpango wa Riester kuanzia 2002: ukiweka asilimia fulani ya kipato chako, serikali inakuongezea kiasi maalumu, na nyongeza nyingine kwa kila mtoto. Kwa mwenye kipato kidogo na watoto, nyongeza inaweza kuzidi alichoweka mwenyewe. Marekani nao wamepitisha sheria mwaka 2022: kuanzia 2027 mfanyakazi wa kipato cha chini ataongezewa na serikali hadi nusu ya dola 2,000 za kwanza anazoweka, na pesa inaenda kwenye akaunti yake ya akiba hata kama hadaiwi kodi yoyote. Unafuu uliokuwepo kabla ulikuwa unapunguza kodi tu. Asiye na kodi hakuambulia kitu.

#26 Mhasibu Mstaafu
Riester ilikuwa na shida zake. Gharama za usimamizi zilikula sehemu ya nyongeza, masharti yalikuwa mengi, na wengi wa kipato cha chini hawakuingia au waliacha kuchangia. Ukitoa zawadi inayohitaji fomu ngumu, wanaoipata ni wale wenye muda wa kusoma fomu.

#27 Mama Mizani
Kabla hatujaenda Ujerumani, kuna waajiri wanaokata na hawapeleki. Slipu inaonyesha makato, nafuu ya kodi imehesabiwa vizuri kabisa, na ukienda kwenye mfuko akaunti ina mapengo ya miezi. Wanachama wetu wa kiwanda kimoja waligundua hivyo mwenzao alipofuata mafao. Mtu mzima, miaka yote anaamini slipu. Hakuna kiwango cha nafuu kinachoweza kufidia mchango ambao haukufika.

Wote mnaosoma hapa, ombeni taarifa ya akaunti kutoka kwenye mfuko wenyewe. Msiridhike na slipu.

#28 Kijana Mpya Kazini
Mama Mizani, nimeomba taarifa asubuhi ya leo baada ya kusoma. Wamesema itakuja kwa simu.

Nina swali la mwisho kwa Dada Slipu na Mzee. Mimi niko kwenye kipande cha chini cha kodi. Nimepandishwa cheo, mwaka kesho naingia kipande cha juu yake. Niongeze mchango wa hiari sasa au nisubiri?

#29 Dada Slipu
Kwa macho ya kodi peke yake, subiri. Mchango utakaoweka ukiwa kwenye kipande cha juu utakurudishia zaidi kwa kila 100. Sasa hivi lipa madeni, weka akiba ya dharura mahali unapoweza kuifikia. Lakini kama mwajiri wako analinganisha mchango wako, yaani ukiweka na yeye anaweka, usisubiri hata mwezi mmoja. Weka hadi mwisho wa anapolinganisha.

#30 Mhasibu Mstaafu
Napingana na binti yangu hapo kwenye kusubiri. Kodi inakokotolewa kwa mwaka, na kama cheo kinaanza katikati ya mwaka wa kodi, kipande cha juu kinaweza kukufikia mapema kuliko unavyodhani. Pia pesa ya leo ina mwaka mmoja zaidi wa kukua bila kutozwa. Kijana, una miaka mingapi?

#31 Kijana Mpya Kazini
26, mzee.

#32 Mhasibu Mstaafu
Anza. Hata kidogo.

#33 Mvuja Jasho
Kijana, kabla hujaanza, uliza dirisha la mabadiliko linafunguliwa lini.